Mama akipaliwa tunakimbilia kumpa maji, kumbe maji ndo yanayompalia (uzi mrefu)

BintiMwisho (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa nimechoka hivyo mnisamehe nikirukaruka.

Mama yangu ana miaka 79. Kwa kama miezi mitano alikuwa akila anakohoa, sisi tukasema mafua, mara tukasema vumbi, mara tukasema anaongea huku anakula. Na kila akipaliwa nyumba nzima inapiga kelele "mpeni maji, mpeni maji ateremshie!" na mimi ndo wa kwanza kuinuka na glasi. Anakunywa, anakohoa zaidi, macho yanamtoka, tunampigapiga mgongoni, inapita, tunaendelea kula kama hakuna kilichotokea.

Halafu akalazwa, homa na kifua, wakasema nimonia. Akatibiwa akarudi nyumbani. Wiki sita baadaye nimonia tena. Daktari wa safari hii hakuniuliza sana habari za kifua, akaniuliza habari za mezani. Anakula kwa dakika ngapi? Kuna chakula amekiacha bila kusema sababu? Gauni zake za mwaka jana zinamkaa? Nikajikuta najibu vitu ambavyo nilikuwa naviona kila siku na sikuwahi kuviunganisha: anamaliza wa mwisho, nyama ameacha anasema haina ladha, wali anauzungusha tu mdomoni, gauni zote zimekuwa kama kaazima.

Akaomba maji kikombe kidogo, akamwambia mama anywe funda moja kisha aseme "aaaa". Ile "aaaa" ilitoka kama ya mtu anayeongea kutoka ndani ya ndoo. Hakukohoa hata kidogo, ila sauti ilikuwa na maji. Daktari akaniangalia tu, mi nikaangalia chini.

Sasa tumepewa maelekezo na rufaa ya kumuona mtaalamu wa kumeza, lakini hapa katikati nyumbani ni vita. Mama hataki maji yaliyofanywa mazito, anasema mnaninywesha gundi. Kaka anataka awekewe mpira wa kulishia yaishe. Dada anasema mwacheni ale anachotaka. Nataka kusikia kwa waliopitia, hasa mambo ya nyumbani maana hospitali tunakaa saa moja ila mezani tunakaa naye mara tatu kwa siku.

Mkavu

Pole dada ila mi naona mnakuza. Huo ni uzee. Mzee wangu ana 82 anapaliwa hata na mate yake na yupo anadunda. Mkishaingia kwenye vipimo hamtoki.

TibaYaUsemi

Pole BintiMwisho, na huyo daktari mshukuruni, wengi wanatibu kifua mara tatu ndo wanakumbuka kuangalia koo. Mi nafanya tiba ya usemi, watu wanadhani kazi yetu ni watoto wenye kigugumizi tu kumbe nusu ya siku nashinda na wazee na vijiko.

Mkavu nikujibu kwa heshima. Umri kweli unapunguza kasi: ulimi unapoteza nguvu, mate yanapungua, koo linachelewa kidogo kuitikia tonge likifika. Lakini mzee mwenye afya anameza polepole na anameza salama. Tatizo ni kwamba akiba yake ni ndogo. Kikija kitu kingine juu yake, iwe kiharusi hata kile kidogo ambacho hamkukiona, Parkinson, ugonjwa wa kusahau, kulazwa wiki mbili bila kula mpaka misuli ikasinyaa, au dawa mpya inayomkausha mdomo, hapo ndo anaanza kupaliwa. Kwahiyo mzee anayepaliwa kila siku ana sababu, na sababu inatafutwa.

Kwa nini maji? Njia ya chakula na njia ya hewa zinapishana hapohapo kooni. Ukimeza, kwa kama sekunde moja hivi unaacha kupumua, zoloto linapanda (shika koo lako umeze mate utalisikia likiruka), kifuniko chake kinalala, nyuzi za sauti zinafunga, na mlango wa umio (bomba la chakula) unafunguka. Yote hayo kwa mpangilio. Tonge la viazi vilivyopondwa linakwenda taratibu, linamngoja mzee ajipange. Maji hayangoji mtu. Yanafika mlangoni wakati mlango bado uko wazi, na yakiingia yanakwenda mapafuni pamoja na bakteria wote wa mdomoni. Ndo maana kumpa glasi ya maji mtu ambaye tayari anahangaika ni kumwongezea. Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu mwache akohoe, ainame mbele kidogo, mtulie. Kikohozi ndo mlinzi wake.

Na wapo wasiokohoa kabisa, kama mama wa mleta uzi kwa lile funda la kwa daktari. Koo limekufa ganzi, maji yanapita njia ya hewa na mwili hausemi kitu. Hao ndo wananitisha mimi. Dalili zao mnazitafuta pembeni: sauti inayobadilika kuwa na majimaji baada ya kumeza, kusafisha koo kila dakika, chakula kinachobaki kwenye shavu, mlo unaopita nusu saa, udenda, homa za mara kwa mara ambazo hazina maelezo, uzito kushuka, na mzee kuanza kukwepa kula mbele za watu.

Mama_Wawili

Hiyo ya kukwepa kula mbele za watu umenigusa. Mama mkwe alianza kusema "mi nimeshakula" kila wageni wakija, tukadhani ananuna. Kumbe aibu.

ZamuYaUsiku

Mi ni mtoto wa kiume namuuguza baba mwaka wa tatu, kiharusi, upande wa kushoto ulilegea mpaka mdomo. Ntaandika kwa urefu maana nilifanya makosa yote na nusu yake nilifanya kwa mapenzi.

Kosa la kwanza nilikuwa namlisha nimesimama. Najua inaonekana kitu kidogo, lakini ukisimama ye anainua uso kukuangalia, kidevu kinakwenda juu, na kidevu kikienda juu njia ya hewa inajiachia wazi. Dada mmoja wa tiba ya usemi hospitali alinikalisha kwenye kiti akaniinulia kidevu akanipa kijiko cha maji akasema meza. Nusura nife. Toka siku hiyo nakaa, tena nakaa chini kidogo ya usawa wa macho yake, kijiko kinaingia kutokea chini.

Kosa la pili kitandani. Tulikuwa tunamwegemeza kwa mito miwili, kalala nusu, tunamlisha. Sasa anakaa kwenye kiti chenye mgongo, makalio mpaka nyuma kabisa, miguu imekanyaga chini au kwenye stuli (miguu ikining'inia mwili mzima unateleza, jaribu mwenyewe), na akimaliza haruhusiwi kulala nusu saa nzima. Hiyo nusu saa ndo ngumu kwa sababu akishiba usingizi unamvuta, bas tunaikalia hapo, mi namsomea habari za mpira.

Kosa la tatu, hapa ndo palikuwa na ugomvi na mdogo wangu. Yeye alikuwa anajisifu anamlisha baba dakika kumi sahani nyeupe, mi nilikuwa nachukua dakika arobaini na nusu inabaki, kwahiyo mi ndo nikaonekana sijui. Siku moja nikakaa nikamtazama. Kijiko kikubwa, kimejaa, na kabla baba hajameza kingine kipo mdomoni kinasubiri. Baba alikuwa hamezi, alikuwa anajaa. Tulipomulika kwa tochi ya simu baada ya kula, shavu la kushoto lilikuwa na chakula cha tonge tatu nne. Kile ndo angelala nacho. Mtu aliyepooza upande mmoja hasikii kama kuna kitu shavuni, kwahiyo msimuulize "umemeza?", atasema ndiyo na hadanganyi. Angalia zoloto lipande, lishuke, ndo ulete kijiko. Kijiko cha chai, sio cha mchuzi, tena usijaze.

TV inazimwa. Wajukuu wanatoka au wanakaa kimya. Mimi mwenyewe sisemi nae wakati ana kitu mdomoni maana ukimuuliza swali ni mstaarabu atajibu, na kujibu ni kuvuta pumzi.

Na kingine, akishika kijiko mwenyewe anakula vizuri zaidi. Mkono wake juu, wangu chini unausindikiza. Anamwaga, ndiyo. Nguo zinafuliwa. Ila mkono ukianza safari ubongo unajua chakula kinakuja, mdomo unajiandaa. Ukimtumbukizia tu anashtukizwa kila mara.

TibaYaUsemi

ZamuYaUsiku ungekuja kufundisha kwetu. Na hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Susan Langmore, Mmarekani ambaye ndiye mwaka 1988 alieleza kile kipimo cha kuangalia kumeza kwa kamera inayopitia puani, yeye na wenzake walifuatilia wazee 189 wakatoa matokeo 1998. Walitaka kujua nani anapata nimonia ya kupaliwa. Shida ya kumeza peke yake haikutosha kueleza. Vilivyojitokeza kwa nguvu ni mzee kutegemea mtu mwingine kulishwa, kutegemea mtu mwingine kusafishwa mdomo, idadi ya meno yaliyooza, kulishwa kwa mpira, kuwa na magonjwa zaidi ya moja, wingi wa dawa, na sigara. Yaani mkono unaolisha na mswaki vilikuwa juu kabisa ya orodha.

BintiMwisho

Ngoja kwanza. MSWAKI? Mama hana meno zaidi ya sita, tumekuwa tunasema sukutua tu inatosha.

TibaYaUsemi

Hapo ndo pa kuanzia leo usiku, kabla hata hujapata miadi. Fikiria hivi: mzee mwenye koo bovu atapitisha kitu njia ya hewa, hata mate yake tu akiwa amelala. Huwezi kuzuia yote. Unachoweza kuamua ni mate hayo yamebeba nini. Japani walifanya utafiti kwenye nyumba 11 za kulelea wazee, ukachapishwa 2002, kundi moja likapigishwa mswaki na wahudumu kila baada ya mlo na lingine likaachwa na utaratibu wake wa kawaida, wakafuatiliwa miaka 2. Waliosafishwa walipata nimonia chache kuliko wenzao, na hata wasio na meno walifaidika. Kwahiyo mswaki laini kwenye meno, ufizi na ulimi. Kama hawezi kutema, tumia mswaki wenye unyevu tu na dawa ya meno kidogo isiyo na povu jingi, ainamishe kichwa mbele, ufute kwa kitambaa safi. Kusukutua kwa mtu anayepaliwa na maji mepesi ni kumpa hayohayo maji tunayoyakimbia.

Meno bandia yanatolewa usiku, yanasuguliwa, yanalala nje ya mdomo. Na kama amepungua uzito yatakuwa yamelegea, yanacheza wakati wa kutafuna, anaishia kumeza vipande vizima. Hilo nalo mkaangalie.

Mpita_Njia

Nimeingia kusoma tu ila naomba niulize. Baba yangu yeye hapaliwi. Anasema chakula kinakwama hapa kifuani katikati, mwanzoni ilikuwa nyama na mkate mkavu, sasa hivi hata wali, anakunywa maji ndo kinashuka, mara nyingine anakirudisha. Maji hayampi shida. Na yeye nifanye hayo ya kidevu?

TibaYaUsemi

Hapana mkuu, huyo ni njia nyingine kabisa, na usingoje. Kinachokwama kifuani na kinachoanza na vigumu halafu kinahamia kwenye laini, hiyo ni dalili ya umio kuwa mwembamba. Inaweza kuwa kovu la asidi ya miaka mingi ya kiungulia, inaweza kuwa saratani. Anahitaji kamera ya kuingia kupitia mdomoni kuangalia umio na tumbo. Wiki hii. Kidevu na vijiko havitamsaidia.

Wengine mkumbuke tofauti hiyo: shida ya kuanzisha kumeza, kukohoa, chakula kutokea puani, ni ya juu, kooni. Kukwama sekunde chache baada ya kumeza ni ya chini. Vikikwama vyote viwili toka siku ya kwanza, maji na vigumu, mara nyingi ni misuli ya umio yenyewe haisukumi. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwa kuandikiwa hapa.

Mpita_Njia

Asante. Kesho asubuhi.

Chupa_ya_Dawa

Mfamasia hapa. Naongeza kidogo maana hakuna aliyegusa vidonge. Nyumba nyingi mzee akishindwa kumeza kidonge wanakiponda kwenye chakula. Baadhi sawa, baadhi ni hatari. Dawa za kuachia taratibu ukiziponda anapata dozi ya siku nzima ndani ya muda mfupi. Zile zenye ganda la kuzuia zisiyeyuke tumboni ukiziponda unaharibu kazi yake. Uliza kwanza, nyingi zina namna ya maji, ya kuyeyusha au ya kubandika ngozini.

Nyingine ni vidonge vyenye tabia ya kugandia umio na kuuchoma, alendronate ya mifupa ni mfano mkubwa, ndo maana wanasema glasi nzima ya maji na ukae wima nusu saa. Sasa mtu ambaye maji mepesi yanampalia atanyweshwaje glasi nzima? Hapo mwambieni daktari abadilishe dawa, msijitafutie ujanja.

Na pitieni orodha nzima. Dawa za mzio zile za kuleta usingizi, za kibofu, baadhi za mfadhaiko, zinakausha mate. Za usingizi zinachelewesha koo. Nimeona mzee anapelekwa kupimwa koo kumbe wiki mbili kabla alianzishiwa dawa mpya. Kwa wa Parkinson ni kinyume, mlo upangwe wakati dawa imeshafanya kazi, ukimlisha wakati imeisha nguvu koo nalo limekakamaa.

Tahadhari moja wachache wanaijua: unga wa wanga wa kufanya kinywaji kizito ukichanganywa na ile dawa ya choo kigumu inayoitwa polyethylene glycol, uzito unapotea, kikombe kinarudi kuwa maji. Mnadhani mmempa kizito kumbe sivyo.

BintiMwisho

Haya sasa tufike kwenye hilo la maji mazito maana ndo moto wa nyumbani kwetu. Ni lazima? Maana mama toka tuanze anakunywa robo ya alichokuwa anakunywa, mkojo umekuwa wa njano iliyoiva.

Kimya_Kingi

Usikubali kirahisi. Baba yangu aliwekwa kwenye maji mazito miezi minne, hakuna aliyerudi kumpima tena. Hakupata nimonia ni kweli, alipata kuishiwa maji, akachanganyikiwa, akalazwa kwa hilo. Nina hasira bado.

TibaYaUsemi

Kimya_Kingi una haki ya hasira. Niseme ukweli wa fani yangu: kwenye picha, kioevu kizito kinapunguza kuingia njia ya hewa, hilo linaonekana wazi. Lakini kwamba kinapunguza nimonia na kurefusha maisha, ushahidi ni dhaifu, na kunywa kidogo ni madhara ya kweli. Kwahiyo kwangu mimi ni dawa kama dawa nyingine, ina dozi, ina kipindi, inapimwa upya. Mtu wa kiharusi anaweza kuhitaji wiki chache tu, maana wengi koo linarudi ndani ya wiki za mwanzo. Kumwacha nayo miezi bila kumpima ni uzembe.

Kama mmepewa, angalau ifanyeni sawasawa. Kuna mfumo wa kimataifa wa kupanga uzito wa vinywaji na ulaini wa vyakula unaitwa IDDSI, ngazi 0 mpaka 7, vinywaji ni 0 mpaka 4. Kupima hakuhitaji mashine: chukua sirinji ya ml 10 bila sindano na bila kile kijiti cha kusukumia (iwe ile ambayo kipimo chake kutoka 0 hadi 10 kina urefu wa mm 61.5, zipo fupi zinazodanganya), ziba chini kwa kidole, jaza mpaka 10, achia sekunde 10, ziba tena. Ikibaki chini ya ml 1 hayo ni maji ya kawaida, ngazi 0. Ikibaki 1 hadi 4 ni ngazi 1, 4 hadi 8 ngazi 2, zaidi ya 8 ngazi 3, isipotoka kabisa ngazi 4. Familia nyingi zikipima zinagundua wanatengeneza ngazi 4 wakati waliambiwa 1. Huenda hiyo ndo gundi anayoilalamikia mama! Na unga wa wanga unaendelea kuwa mzito ukikaa, halafu mate yakiingia kikombeni unalegea. Ule wa zanthani unatulia zaidi na hauna ladha ya unga.

Kwenye chakula hivyohivyo. Ngazi 5 ni kilichosagwa kikiwa na unyevu, vipande mm 4, yaani upana wa nafasi kati ya meno ya uma. Ngazi 6 ni laini kilichokatwa, visizidi sm 1.5. Kandamiza kwa uma mpaka ukucha wa kidole gumba upauke, kikibondeka na kisirudi kwenye umbo lake, kinafaa. Vinavyosumbua kuliko vyote ni vya tabia mbili kwa pamoja, supu nyepesi yenye vipande, tunda linalotoa maji ukiling'ata. Maji yanatangulia kooni wakati bado anatafuna kipande. Na vikavu vya kupukutika, na vya kunata.

Tena usisage kila kitu kwa woga. Nimekuta wazee wanaopewa rojo la kijivu, vyote vimetiwa kwenye blenda pamoja, halafu familia inashangaa mbona mzee hataki kula. Saga kila kimoja peke yake. Ongeza mafuta, yai, maziwa ya unga, maana kila kijiko kichache anachokubali kibebe nguvu.

Mama_Wawili

Rojo la kijivu 😂😂 tumeshapita hapo. Mama mkwe alitusukumia sahani akasema kaleni nyie.

BintiMwisho

Na hayo ya kuinamisha kidevu kifuani? Kuna mtu kanitumia video.

TibaYaUsemi

Inasaidia wengine, wengine inawazidishia. Kuna wanaotakiwa kugeuza shingo upande uliolegea ili tonge lipite upande mzima, kuna wanaotakiwa kumeza mara mbili. Huwezi kujua bila kuona ndani, ndo maana ya eksirei ya video akimeza bariamu (kitu kinachoonekana kwenye eksirei) au kamera ya puani. Kukaa wima, funda dogo, kasi ndogo na mdomo safi hivyo ni vya kila mtu. Mengine subiri apimwe.

Kuhusu kiu, muulize mtaalamu wenu kuhusu utaratibu wa maji huru. Ulianzia hospitali ya Frazier huko Louisville, Marekani, mwaka 1984. Mgonjwa anayetumia vinywaji vizito anaruhusiwa maji matupu, kidogokidogo, kati ya milo, sio pamoja na chakula, nusu saa baada ya kula na baada ya mdomo kusafishwa. Wazo lao ni kwamba maji safi kidogo kwenye mdomo safi mapafu yanaweza kuyafyonza, kinacholeta shida ni uchafu na mabaki. Sio kwa kila mtu, mwenye mapafu mabovu sana au anayekabwa vibaya hapana. Ila ni swali la kuuliza.

KakaMkubwa_

Mimi ndo kaka anayesemwa hapo juu, dada kanitumia link. Nilisema mpira kwa sababu sitaki kumuona anapaliwa tena, sio kwamba nataka yaishe kama alivyoandika. Mtu akiwekewa mpira chakula hakipiti kooni, si ndo salama?

TibaYaUsemi

Karibu kaka. Inategemea ugonjwa. Kwa mtu wa kiharusi kipya mpira wa muda ni daraja, unamvusha mpaka koo lirudi. Kwa saratani ya koo anayetibiwa, hivyohivyo. Lakini mate bado anameza na mpira hauyazuii, na chakula kikijaa tumboni kinaweza kupanda. Kwenye ile orodha ya 1998 mpira wenyewe ulikuwa kwenye vihatarishi.

Kwa ugonjwa wa kusahau uliofika mwisho, chama cha madaktari wa wazee cha Marekani (AGS) kilitoa msimamo 2014 kwamba mpira haushauriwi, walishwe kwa mkono kwa uangalifu, maana haujaonyesha kurefusha maisha wala kuzuia nimonia, na mara nyingi mgonjwa anafungwa mikono asiuchomoe. Mama yenu mmesema anaongea, anakataa gundi, anawajibu. Muulizeni yeye.

ZamuYaUsiku

Kaka usijisikie vibaya, na mimi nilitaka mpira mwaka wa kwanza. Nilichokuwa nataka hasa ni kulala usiku mmoja bila kusikiliza kifua cha mtu.

KakaMkubwa_

Ndo hivyo mkuu. Sa akikabwa kabisa, sio kukohoa, amenyamaza, tunafanyaje? Hilo ndo linaninyima usingizi.

Chupa_ya_Dawa

Akikohoa kwa sauti usimguse. Akiwa hawezi kutoa sauti, hawezi kukohoa, anashika koo, rangi inabadilika: mmoja apige simu ya dharura, wewe muinamishe mbele, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5 kwa nguvu. Haijatoka, simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta ndani na juu mara 5. Rudia tano tano. Akizimia mlaze chini anza kubonyeza kifua kama wanavyofundisha huduma ya kwanza. Usitumbukize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma. Usimpe maji. Na hata ikitoka akaonekana mzima, apimwe siku hiyohiyo, ile mivuto ya tumbo inaweza kuumiza ndani.

BintiMwisho

Nimerudi baada ya wiki tatu, samahani kwa kimya.

Mama alipimwa kwa kamera ya puani. Maji yanaingia akinywa funda kubwa, funda dogo hayaingii. Vigumu vinabaki pembeni ya koo, akimeza mara ya pili vinaondoka. Tumepewa ngazi 1 wakati wa mlo tu, na sisi tulikuwa tunampa ngazi 4, tulipima kwa sirinji tukacheka kwa aibu. Maji matupu ameruhusiwa katikati ya milo baada ya mswaki, kikombe kidogo kilichokatwa upande wa pua ili asiinue kidevu. Siku ya kwanza alipopewa alinywa kidogo akanyamaza, akasema "haya ndo maji, yale yenu mpeni kaka yenu".

Kaka anashika zamu ya chakula cha jioni. Anatumia dakika 35, TV imezimwa. Uzito haujapanda ila haujashuka pia. Dada bado anamletea karanga kwa siri, hiyo vita inaendelea.

Mkavu

Nilisema humu ni uzee. Jana usiku baada ya chai nikamwambia mzee sema "aaaa". Akanishangaa, akasema. Ilikuwa na maji. Nimemwambia kesho kutwa tunatoka. Nibebe nini?

TibaYaUsemi

Beba dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile anazojinunulia. Mpime uzito leo. Andika kwa siku hizi mbili anakula dakika ngapi, anakohoa kwa kitu gani hasa, na kama amepata homa au kifua mwaka huu. Na meno yake ya bandia kama anayo, yasibaki nyumbani kwenye glasi.